Vyombo vya Kulishia Kondoo na Wana-Kondoo



Katika vihamba vya Kilimanjaro kondoo wengi hawaendi malishoni. Hukaa zizini, na chakula chao huletwa: majani ya migomba, pamoja na majani yaliyokatwa mbali na kubebwa kichwani. Kondoo wa malishoni hujichagulia tonge lake. Kondoo wa zizini hula alichowekewa, mahali alipowekewa. Kwa hiyo chombo cha kulishia si jambo dogo. Yakupasa kukichagua kwa akili, kama uchaguavyo jembe.

Utazame mzigo wa majani uliotupwa chini. Kondoo huyakanyaga, huyakojolea, kisha huyakataa, maana hapendi chakula kichafu. Akishurutishwa na njaa ayale, humeza pamoja nayo vijidudu vya minyoo vilivyotoka katika mavi, na wana-kondoo hushikwa na kuhara. Hivyo wapata hasara mara mbili: taabu ya aliyebeba mzigo, na afya ya mnyama.

CHANJA LA MAJANI. Funga fito ukutani zisimame kama ngazi iliyolala, na nafasi kati ya ufito na ufito isizidi inchi 3, ili kichwa cha mwana-kondoo kisipenye kikanaswa. Usiliweke chanja juu ya vichwa vyao, kwa kuwa vumbi na mbegu huwaangukia machoni. Chini yake weka hori la kupokea yaangukayo.

HORI. Pumba na maganda ya ndizi yatiwe horini. Huna haja ya kununua. Mzinga wa nyuki uliochakaa, ukipasuliwa kwa urefu, hutoa mahori mawili mema. Debe lililokatwa kwa urefu lafaa pia, lakini kunja kingo zake kwa ndani na kuzigonga kwa nyundo, zisije zikakata midomo na ndimi. Ukingo wa hori ufike kifuani pa kondoo, na juu yake pitisha ufito mmoja, ili wana-kondoo wasiingie ndani na kukichafua chakula.

Upime urefu. Kila kondoo mkubwa apate inchi 15. Kondoo 6 wakila upande mmoja wataka hori la futi 7 na nusu. Wakila pande zote mbili, futi 4 zatosha. Hori fupi huwashibisha wenye nguvu na kuwakondesha wanyonge, na wanyonge hao mara nyingi ndio wenye mimba. Lisafishwe kila asubuhi kabla ya kutiwa chakula kipya.

CHUPA YA YATIMA. Mama akifa, au akimkataa mwanawe, usimmiminie mtoto maziwa kinywani kwa kijiko au kikombe. Maziwa huingia mapafuni naye hufa. Tumia chupa safi yenye chuchu ya mpira. Ukiipindua, maziwa yadondoke tone kwa tone, yasichirizike. Mwana-kondoo asimame kwa miguu yake, kichwa kimeinuka kidogo, kama anyonyavyo kwa mama yake. Maziwa yawe na joto la mwili. Yajaribu juu ya kifundo cha mkono wako.

Cha kwanza kumpa ni dang'a, nayo haina badala yake, maana ndiyo imkingayo na maradhi. Ikamue kwa kondoo mwingine aliyezaa sasa hivi, au kwa mbuzi au ng'ombe aliyezaa. Mtoto wa ratli 6 au 7 apewe robo ya painti mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 6 kupita tangu azaliwe, na ifikapo kesho yake awe amekunywa painti nzima kwa vipindi. Kila mara chemsha chupa na chuchu yake.

MLANGO WA WATOTO. Wakipata majuma 2, wana-kondoo huanza kuonja chakula. Watengee pembe moja ya zizi, yenye mlango wa upana wa inchi 7 au 8, wapite wao na mama zao wasiweze. Humo weka kihori kidogo chenye pumba na majani mateke. Ukiona mama wapita, upunguze upana.

DEBE LA MRUTUTU. Neno hili ulishike kuliko yote. Niliitwa katika kihamba kimoja walikokufa kondoo wanne kwa juma moja. Macho na ufizi vilikuwa vya manjano, na mkojo mwekundu karibu na weusi. Mwenyewe alimdhania jirani yake kuwa na kijicho, na nyumba mbili zilikuwa hazisalimiani. Nikaomba kuliona hori. Lilikuwa debe zuri, limekunjwa vema. Lakini katika maungo yake mlikuwa bado na rangi ya samawati. Mlichanganyiwa mrututu wa kunyunyizia kahawa.

Mrututu una shaba, na hakuna mnyama wa kufugwa aumizwaye na shaba upesi kama kondoo. Sumu hujiweka katika ini kidogo kidogo kwa majuma mengi bila dalili. Kisha siku moja humwangusha ghafla. Basi, usimlishe kondoo katika chombo kilichotiwa mrututu wala dawa ya kuogeshea, hata ukikiosha mara saba. Usimpe majani yaliyokatwa chini ya mibuni iliyonyunyiziwa. Wala usimpe chumvi ya madini iliyotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe, kwa kuwa mara nyingi imetiwa shaba.

Yule bwana alilitoboa debe lake, akalifukia, akachonga hori la mti. Kisha akaenda kwa jirani yake kumwomba radhi.

Haba na haba hujaza kibaba, nayo sumu hujaza vivyo hivyo. Kabla ya kulikata debe lolote, uliza kwanza lilichukua nini.