Sheria 17 na Busara ya Mwamuzi

Iwe Uwanja wa Majaliwa kule Ruangwa au viwanja vyetu vya vumbi hapa Nambambo, lawama ni ileile: "Mwamuzi hafuati sheria!" Wapendwa wasomaji, tuitazame sheria yenyewe.

Soka lina sheria 17. Nyingine hazina mjadala: mpira usipovuka mstari wote mzima, si goli, timu ikiwa na wachezaji pungufu ya 7, mechi haianzi. Hapa mwamuzi haulizwi maoni yake. Ni vema, maana sheria isiyoyumba humlinda mnyonge dhidi ya mwenye mashabiki wengi.

Lakini Sheria ya 5 humpa mwamuzi mamlaka ya kupima, akizingatia pia roho ya mchezo. Mshambuliaji akichezewa rafu na bado ana nafasi ya kufunga, mwamuzi huacha mchezo uendelee. Kupuliza filimbi kungemnufaisha mkosaji. Zamani beki aliyezuia goli la wazi kwa rafu ndani ya eneo la penalti alipewa kadi nyekundu, hata kama aliuwania mpira. Mwaka 2016 sheria ililegezwa: aliyeuwania mpira kweli hupewa ya njano. Nani apime hiyo "kweli"? Mwamuzi.

Namungo yetu inalijua jambo hili. Katika Kombe la Shirikisho Afrika, kawaida ni mechi moja nyumbani na moja ugenini. Februari 2021 Namungo ilifika Luanda kucheza na Primeiro de Agosto, lakini mechi haikuchezwa baada ya baadhi ya watu katika msafara wake kukutwa na UVIKO-19. CAF iliamua mechi zote mbili zichezwe Dar es Salaam. Namungo ikashinda 6-2, ikafungwa 3-1, ikasonga mbele. Busara iliokoa mashindano, ila Waangola walikosa uwanja wao. Busara nayo ina gharama, na anayeilipa ana haki ya kuelezwa sababu.

Kanisa nalo linajua hili. Kanuni ya mwisho ya Sheria za Kanisa za 1983, ya 1752, inakumbusha kwamba wokovu wa roho ndiyo sheria kuu. Haizifuti 1,751 zilizotangulia. Inatuonyesha zipo kwa ajili gani.

Basi, tunapochezesha bonanza la parokia, tutangaze sheria kabla ya mchezo, tupime kwa kipimo kimoja pande zote, na tueleze uamuzi wetu. Busara isiyoelezeka mbele ya aliyeshindwa ni upendeleo tu.