Uzamili wa ushauri na uongozi wa afya: Uliza kabla ya kulipa ada

Ndugu msikilizaji, juma hili nazungumzia shahada za uzamili katika ushauri nasaha na uongozi wa huduma za afya. Vijana wanazitaka, na wapo wazazi wanaouza viwanja ili kuzilipia.

Tuelewane kwanza kwamba hizi ni fani mbili. Mshauri nasaha hatoi amri wala mahubiri. Husikiliza, hutunza siri, na humsaidia mwenye shida aione njia yake mwenyewe. Kiongozi wa hospitali hupanga bajeti, zamu za wauguzi na maagizo ya dawa. Daktari anaweza kuwa bingwa wa upasuaji, na bado hospitali anayoiongoza ikaishiwa glavu. Kupasua ni elimu moja, kuendesha hospitali ni nyingine.

Kwa hiyo nashauri uulize mambo mawili. Je, kozi inatambuliwa? Hapa Tanzania, swali hilo lipeleke Tume ya Vyuo Vikuu. Wenzetu wa Kenya wana sheria ya mwaka 2014 inayowataka washauri nasaha na wanasaikolojia wasajiliwe kabla ya kutoa huduma.

La pili, je, kuna mafunzo kwa vitendo? Ushauri haufundishiki kwa daftari peke yake. Mwanafunzi sharti akae na wenye shida, huku msimamizi mzoefu akimkosoa. Chuo kikikuahidi shahada ya ushauri bila mazoezi hayo, usilipe. Atakayeumia baadaye si wewe tu, bali hata mjane atakayekuja kwako akitafuta msaada.

Tukutane juma lijalo.