Mwenyeji Aliye Chini ya Mwingine: Istilahi za Uanzishaji wa Haipavaiza

1.0 Utangulizi

Istilahi inayoundwa kwa tafsiri huja na sitiari yake. Iwapo sitiari hiyo hailingani na mpangilio wa kitu kinachotajwa, istilahi huweza kuwa sahihi kisarufi na bado ikampotosha mtumiaji. Makala haya yanachunguza jozi moja, yaani mwenyeji na mgeni, kama inavyotumika katika kueleza jinsi haipavaiza inavyoanzishwa pamoja na kerneli yake. Mfano wa kijamii umetolewa Nassa, katika Usukuma.

Haipavaiza ni programu inayoigawa kompyuta moja katika mashine pepe kadhaa, kila moja ikiwa na kerneli yake. Butiloda ni programu ndogo inayotangulia: huisoma kerneli kutoka kwenye diski, huiweka katika kumbukumbu, kisha huikabidhi mashine.

2.0 Kazi ya Butiloda

Butiloda ya kawaida hutarajia kerneli moja tu. Xen, haipavaiza iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge na kutolewa hadharani mwaka 2003, huhitaji zaidi ya hapo: Xen yenyewe ndiyo ianze, na kerneli ya Linux iwe tayari kumbukumbuni ikisubiri. Jambo hili liliwezekana kwa sababu kanuni za Multiboot, zilizotungwa mwaka 1995 na Bryan Ford na Erich Boleyn, zilikwisha kuruhusu butiloda kupakia faili moja la kuanzishwa na mengine yanayoitwa moduli. Moduli hupakiwa tu, haianzishwi. Butiloda huacha namba 0x2BADB002 katika rejista moja ya prosesa kama muhuri, na katika rejista nyingine huacha anwani ya muundo wa taarifa unaoonyesha ilipo orodha ya moduli. Xen huisoma orodha hiyo, ikaichukua moduli ya kwanza, na kuijengea mashine pepe ya kwanza, ambayo huitwa domeini 0.

Kwa hiyo kuipa butiloda uwezo huu si suala la kusoma mafaili mawili badala ya moja. Hapana budi mafaili hayo yasikanyagane kumbukumbuni. Aidha, kila moja lina vigezo vyake, na vigezo vya haipavaiza visipelekwe kwa kerneli. Mfumo wa FreeBSD unaonyesha ugumu mwingine. Butiloda yake ilikuwa na desturi ya kuikabidhi kerneli, ana kwa ana, maelezo ya vitu vyote vilivyopakiwa. Xen ilipoingia katikati, maelezo hayo yalihitaji kusafirishwa kama moduli ili yaifikie kerneli kupitia mkono wa mwingine. Uwezo huo ulimo katika FreeBSD 11.0 ya mwaka 2016. Jina la haipavaiza huandikwa katika mstari wa xen_kernel, mbali na jina la kerneli yenyewe.

3.0 Nani Mwenyeji?

Neno mwenyeji kwa kawaida hufafanuliwa kuwa limetokana na mwenye na mji. Dhana yake ina sehemu mbili: kutangulia kuwapo, na kuwa na mamlaka ya kupokea. Kerneli ya domeini 0 inayo sehemu ya pili tu, tena kwa kiasi.

Nassa, ambayo leo imo katika Wilaya ya Busega, Mkoa wa Simiyu, ilikuwa utemi. Wamisionari wa CMS walikuwa na kituo hapo kabla ya kukikabidhi kwa Africa Inland Mission mwaka 1909. Kwa mgeni wa aina hiyo, mtemi alikuwa mwenyeji. Lakini chini ya utawala usio wa moja kwa moja, uliowekewa sheria mwaka 1926, mtemi wa Kisukuma alikusanya kodi, aliamua kesi na kuwaamuru banangwa wake huku yeye mwenyewe akipokea amri kutoka kwa mkuu wa wilaya. Hali hiyo ilidumu hadi utemi ulipofutwa kisheria mwaka 1963. Domeini 0 iko hivyohivyo. Ndiyo inayoendesha diski na mtandao, na ndiyo inayoagiza mashine nyingine ziundwe. Hata hivyo, mgawanyo wa kumbukumbu na wa muda wa prosesa umo mikononi mwa Xen.

Tofauti iko katika utangulizi. Mtemi alikuwapo kabla ya mkoloni. Haipavaiza inayofanana naye kwa hili ni Jailhouse ya Siemens, iliyotangazwa mwaka 2013: Linux huanza peke yake, ndipo Jailhouse huja juu yake na kuishusha cheo. Kwa kuwa inaingia baadaye, haiidai butiloda chochote. KVM nayo, iliyoingizwa ndani ya Linux mwaka 2007, huifanya kerneli kuwa mwenyeji kwa maana kamili ya neno.

Inafaa basi mwenyeji libaki kwa KVM, na kwa Xen litumike kerneli simamizi. (Kerneli temi lingependeza Usukuma, lakini pwani lingehitaji maelezo.) Suala hili si la ufasaha tu. Mwanafunzi anayesoma kwamba mwenyeji hupokea mgeni ataitaja Linux kwanza, na Xen aiweke kama moduli. GRUB itaitafuta alama ya Multiboot ndani ya faili la Linux, isiione, na kukataa kuendelea.