Fahamu: Kuagiza beringi za injini kwa jumla kutoka kiwandani

Beringi za injini ni vipande vyembamba vilivyopinda kama nusu mwezi, vinavyobeba krenkishafti na konrodi. Mgongo wake ni wa chuma. Ndani kuna tabaka laini la aloi, kama ya aluminiamu na bati.

Mwagizaji huanza na namba ya injini, si jina la gari. Hufuata saizi: STD kwa krenki isiyochongwa, kisha 0.25, 0.50 na kuendelea kwa iliyochongwa, kwa vipimo vya milimita. Alama hiyo hugongwa mgongoni mwa kipande. Duka lenye STD pekee humrudisha mikono mitupu fundi anayefufua injini kuukuu.

Viwanda huweka kiwango cha chini cha oda, hivyo ni muhimu kuomba sampuli kwanza na kupima unene wake kwa maikromita. Bei ya FOB haihusishi nauli ya meli wala bima, ilhali ya CIF inavijumuisha. Kenya na Tanzania hudai bidhaa nyingi zikaguliwe na kupata cheti cha ubora kabla ya kusafirishwa.

Uangalifu huo una maana kubwa: tabaka la beringi hafifu likibanduka, krenki hukwaruzika na injini hunoki.