Jicho Lisilobisha Hodi

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo tulivyolelewa sisi watu wa mwambao, msomaji mpenzi. Lakini nilipokuwa mtoto Lamu, miaka ya mwisho ya 1970, nilimwona mgeni ambaye mwenyeji hakupona kwake. Mtalii mmoja, kaptura mapajani, alimwelekezea mamangu kamera kichochoroni. Mama akajigubika buibui, akaingia ndani, na kutwa ile hakutaka kusemeshwa. Chuoni tulikuwa tumesomeshwa Suratun Nur, palipoamrishwa hodi na salamu kabla ya kuingia nyumba ya mtu. Nikawaza: mbona jicho lile limeingia bila hodi? (Kwa haki, pengine yule bwana alidhani anatusifu.)

Juzijuzi nilipanda boti Mbita kwenda Remba, kisiwa kidogo cha wavuvi katika Ziwa Viktoria, upande wa Homa Bay. Vibanda vya mabati vimebanana, na ndani yake Wajaluo, Waganda na Watanzania. Kisiwa cha Migingo, cha upande wa Migori, kilichozusha ugomvi mkubwa wa Kenya na Uganda mwaka 2009, kimepigwa picha hata kikajulikana ulimwenguni kwa msongamano wake. Nami nikaenda Remba na picha yangu tayari kichwani: ulevi, fujo na mabati.

Ufukweni mama mmoja alikuwa akianika omena. Nikainua kamera. Akajiziba uso kwa karai.

"Mzee, hata salamu?"

Wallahi, niliona haya. Kofia kichwani, mvi kidevuni, na mtalii wa Lamu ndiye mimi! Nikashusha mkono, nikamtaka radhi, nikakaa. Akanambia wageni huja wakapiga mabati, wakaondoka. Bei ya samaki hawaulizi, wala mvuvi aliyekesha ziwani na taa hawamjui jina. Kisha naye akaniuliza, bila kutania, kama ni kweli kwetu Pwani watu hulala mchana na majini ndiyo yanayopika.

Tulicheka sana.

Nilipoaga akaniomba nimngoje. Akarudi amenawa, kavaa gauni la kanisani na viatu. Akasimama kando ya mashua, mgongo kautupa kwenye vibanda, akasema sasa nipige. Picha hiyo hamtaiona ukurasa huu. Aliitaka ya kumpelekea mamake.