LVM ya Linux: Diski Yako Inaweza Kunenepa Hadi Wapi?

Kama unasomea kompyuta pale Kibabii, ama unaendesha saiba Bungoma au Kitale, LVM ni ya kujua. Inachukua diski kadhaa, inazifanya ghala moja, halafu unakata voliumu za saizi unayotaka.

Sasa, mwisho ni wapi? LVM ya kwanza, enzi za Linux 2.4, haikuruhusu vipande zaidi ya 65,534 kwa voliumu moja. Kipande kikiwa cha megabaiti 4, unagonga dari kwa gigabaiti 256 tu.

LVM2 ilitoa hiyo dari. Tangu Linux 2.6, mashine ya biti 32 inafika terabaiti 16, na ya biti 64 eksabaiti 8, yaani terabaiti zaidi ya milioni 8! Kwa hivyo kabla ufanye kompyuta ya mtumba iwe seva, andika "uname -m". Ikijibu i686, uko kwa biti 32.

Lakini chunga: voliumu ikilala juu ya diski mbili, moja ikifa, kazi yako inaweza kwenda nayo. Weka nakala kwa diski nyingine kwanza, ndio upanue.