Istilahi za Wokovu: Imani, Utii na Haki

Miongoni mwa maswali ambayo Wakristo wamebishania kwa karne nyingi ni hili: je, mtu huokolewa kwa imani au kwa utii? Si kazi ya jarida la istilahi kuamua mafundisho ya dini. Kazi yetu ni kuuliza maneno hayo hubeba maana gani yanapotamkwa kwa Kiswahili. Tumfikirie mwalimu wa dini aliyesimama mbele ya darasa huko Kwamkoro, kwenye mashamba ya chai ya Usambara ya Mashariki. Hana kamusi ya Kiyunani mkononi. Analo Kiswahili tu, na wanafunzi wake watalipokea kila neno kwa maana waliyoizoea nyumbani.

Milima ya Usambara yafaa sana kwa mjadala huu. Waanglikana wa UMCA walijenga misheni yao Magila, chini ya milima. Wamisionari wa Kijerumani waliokuja kujulikana kama Misheni ya Bethel walianza kazi Mlalo mwaka 1891. Wakatoliki nao wakawa na misheni Gare. Hivyo mapokeo matatu yaliyotofautiana juu ya swali hili yalikutana katika eneo moja.

Imani

Neno hili la asili ya Kiarabu ni la ukoo mmoja na amini, amana, uaminifu, na hata amani, ambalo ndilo jina la jirani yake Kwamkoro. Katika matumizi lina maana zisizopungua nne. Kwanza, ni kukubali kwamba jambo ni kweli. Pili, ni kutegemea: Bunge linapopiga kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu, halisemi kwamba hayupo, bali kwamba halimtegemei tena. Tatu, ni mafundisho ya dini yenyewe, kama tusemavyo imani ya Kikristo. Nne, ni huruma: mama awapaye maskini chakula husemwa kuwa ana imani, na ampigaye punda bila kiasi huambiwa hana imani.

Maana hii ya nne ndiyo yenye hatari. Mhubiri asemapo kwamba mtu huokolewa kwa imani, msikilizaji aweza kuelewa kwamba huokolewa kwa wema wake. Amesikia matendo, ilhali mhubiri alikusudia kinyume chake.

Karl Roehl, aliyefanya kazi Usambara na kuandika sarufi ya Kisambaa iliyochapishwa mwaka 1911, alichukua njia nyingine. Katika Biblia yake ya Kiswahili, iliyokamilika mwaka 1937, aliyaepuka maneno mengi ya Kiarabu, akatumia kutegemea mahali ambapo wengine waliandika kuamini. Msamiati wake haukuenea, maana Biblia ya muungano wa tafsiri za Unguja na Mombasa, iliyotoka mwaka 1952, ilipata nguvu zaidi. Hata hivyo, kwa neno hili moja aliigusa maana ya pili barabara.

Utii

Ofisini, utii unanukia amri. Hata kauli ya polisi ya kutii sheria bila shuruti yakiri kwamba shuruti iko karibu. Lakini Kiyunani cha Agano Jipya kimelijenga neno la utii juu ya kitenzi cha kusikia, na Kiswahili kinalo jambo hilo hilo. Mtoto msikivu ni mtoto mtiifu; na asiyesikia la mkuu, ambaye huvunjika guu, hakuwa kiziwi. Paulo mwenyewe, katika Warumi 1:5, ameunganisha utii na imani katika fungu moja la maneno. Kwa hiyo hatuna budi kutofautisha utii huu na matendo ya sheria, ambayo Paulo anayazungumzia kuhusu Torati. Yakobo naye anapodai matendo, mfano wake ni kumvika aliye uchi na kumlisha mwenye njaa. Neno matendo ni moja. Mambo yanayotajwa ni mawili.

Haki

Ugumu mkubwa zaidi, kwa maoni yetu, umo katika istilahi ya kuhesabiwa haki, iliyotumiwa katika Biblia ya 1952. Mchuma chai hupimiwa majani yake kwa kilo, na ujira wa kilo hizo ndio huuita haki yake. Akiambiwa kwamba atahesabiwa haki, atafikiri nini, ila kwamba atalipwa alichokitolea jasho? Lakini hoja nzima ya Paulo ni kwamba jambo hili si mshahara. Biblia ya Habari Njema, ya miaka ya 1990, imesema kukubaliwa kuwa mwadilifu. Msemo huu ni mrefu, lakini haumpeleki msikilizaji kwenye mizani.

Kosa la namna hii si dogo. Mtu aliye mgonjwa kitandani, anayejiuliza kama amefanya ya kutosha, aweza kufarijiwa au kutishwa na istilahi moja.

Viungo vidogo

Mwaka 1522 Luther aliongeza katika Warumi 3:28 neno la Kijerumani lenye maana ya peke yake, ambalo halimo katika Kiyunani. Mwaka 1530 alijitetea kwa hoja ya mfasiri: Kijerumani chenyewe chalidai. Nasi tunavyo viungo vyetu. Kwa huonyesha njia, namna au sababu. "Kwa imani" yaweza kuwa yote matatu. Vilevile kuokoka hutaja hali bila kumtaja mtendaji, ambapo kuokolewa humwachia nafasi: kuokolewa na nani?

Mapendekezo

Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Kanisa Katoliki na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani yalitia sahihi tamko la pamoja kwamba mtu hukubaliwa na Mungu kwa neema, katika imani, si kwa stahili yake, na kwamba matendo mema hufuata kama matunda. Tofauti hazikufutwa zote, ila kila upande ulieleza maneno yake yana maana gani. Hiyo ni kazi ya istilahi.

Nasi twapendekeza: imani ifafanuliwe kwa kutegemea inapotajwa mara ya kwanza, utii uelezwe kwa usikivu, wala usichanganywe na matendo ya sheria, "kwa njia ya imani" itumike pale njia inapokusudiwa, na kuhesabiwa haki kusiachwe bila maelezo mbele ya watu wanaoidai haki yao kila mwisho wa mwezi.

Mwalimu wa Kwamkoro akiyafanya hayo, wanafunzi wake huenda wakaendelea kubishana. Lakini watakuwa wakibishania jambo lenyewe, si neno lililowaponyoka.